Futi ya Sista Miwani

Wiki ya kwanza ya mazoezi yake ya vitendo, wajawazito wote wa mtaa ule waliamua kumchanganya akili. Ndivyo alivyoona yeye, na tusimcheke. Mtu amekaa darasani miaka miwili akifundishwa kwamba tumbo la mama na kalenda huenda pamoja bega kwa bega, halafu anafika kazini anakuta viwili hivyo havisalimiani. Lazima atafute wa kumlaumu.

Kina mama walimwita Bi Harusi, kwa sababu gauni lake jeupe la uanafunzi lilikuwa limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila mtu ndani. Alikuwa na miaka ishirini na moja, kalamu mbili mfukoni, saa ya kuhesabia mapigo, na daftari kubwa lenye jalada gumu ambalo mkufunzi wake angekuja kulisoma mwisho wa muhula. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba vitatu na baraza lenye mabenchi. Mwenye zahanati, kwa cheo na kwa sauti, alikuwa Sista Miwani, muuguzi mkunga wa miaka mingi ambaye miwani yake ilikaa juu ya kichwa siku nzima huku mwenyewe akiitafuta mezani.

Siku aliyoripoti ilikuwa siku ya chanjo. Watoto walikuwa wanalia kwa zamu, kisha wakaacha zamu wakalia wote. Sista Miwani alipita na kisanduku cha chanjo kifuani, akamwonyesha chumba cha wajawazito kwa kidevu.

"Futi iko kwenye droo. Ipige teke kwanza, ndiyo ifunguke. Unajua kupima tumbo?"

"Najua, Sista."

Na kweli alijua, nani amkatalie? Kwenye mtihani wa kupima alipata tisini na mbili. Mama alale chali, magoti yakunjwe kidogo. Utafute kilele cha mfuko wa uzazi kwa ubavu wa kiganja. Uweke mwanzo wa futi kwenye mfupa wa kinena, uivute mpaka kileleni, na namba ziwe zimelala zikitazama tumbo, usizione. Ukishafika kileleni ndipo unaigeuza na kusoma pale kidole kilipokomea. Mkufunzi alikuwa mkali sana hapo. Alisema anayepima huku anasoma namba huwa anapima anachotaka kuona. Na kuanzia wiki ya ishirini, sentimita zilingane na wiki, zikipishana iwe moja au mbili.

Futi ilikuwa ya zamani, ya njano, inanuka spiriti. Ncha yake ya mwanzo ilikuwa imefungwa plasta kama kidole kilichojikata jikoni. Bi Harusi akaona ni usafi wa watu wazima, akafanya kazi.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la vocha. Wiki ishirini na nne kwa tarehe zake, ishirini na saba kwa futi. Wa pili, mwalimu wa chekechea, wiki thelathini. Futi ikasema thelathini na tatu. Wa tatu ishirini, ishirini na tatu. Akawauliza tarehe upya, wakala kiapo.

"Mdogo wangu," mwalimu alimwambia, "mwezi ule mume wangu alikuwa nyumbani siku mbili tu. Unataka nikosee wapi?"

Bi Harusi akarudi kwenye kitabu. Tumbo likizidi tarehe, kilisema, fikiria pacha, fikiria sukari, fikiria maji mengi, fikiria tarehe zisizo sahihi. Akafikiria vyote kwa mpigo. Mtaa mzima una sukari? Mtaa mzima una pacha? Kwa mama wa vocha neno pacha lilimponyoka, na kufikia jioni mama yule alikuwa ameshachagua majina mawili, na mumewe, walisema majirani, hamu ya kula imemwisha.

Akajikaza akamwendea Sista Miwani. "Sista, kina mama wa huku wote wako mbele ya tarehe zao."

"Wengi hawashiki tarehe," Sista alijibu huku anapapasa meza. "Uliza vizuri. Hujaona miwani yangu?"

"Iko kichwani, Sista."

"Ahsante, mwanangu." Akaenda zake, na swali likabaki pale pale limesimama.

Kwa hiyo mtamwelewa Bi Harusi alivyompenda fundi cherehani. Kila mwanafunzi hupewa mama mmoja wa kumfuata mpaka ajifungue na kuandika habari zake kwenye lile daftari kubwa. Yeye alipewa fundi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mpole, mwenye alama za sindano kwenye vidole. Sista Miwani alimkabidhi kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mimba iliyotangulia iliacha kukua kimyakimya, ikafika mwezi wa nane, na mtoto akazaliwa akiwa ameshafariki. "Huyu mshike kama yai," alisema. "Akipoteza na huyu, sijui tutamwambia nini."

Kwenye kadi ya fundi, Sista Miwani alikuwa ameandika kwa mkono wake: wiki 28, sentimita 28. Wiki tatu baadaye ndipo akaja kwa Bi Harusi. Bi Harusi akatafuta kilele, akavuta futi, namba zimelala kama alivyofundishwa, akaigeuza akasoma. Nusura aibusu. Baada ya wiki nzima ya kuchanganyikiwa, hatimaye mwanamke mmoja duniani anayejua kuhesabu siku!

"Thelathini na moja! Barabara kabisa, dada. Wiki kwa wiki."

Fundi hakutabasamu. "Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akavuta mtandio akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. "Usinione mjinga, mdogo wangu," alisema ndani ya mtandio. "Ni furaha." Bi Harusi akaandika 31 kwenye kadi kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Siku kumi zilipita. Kina mama wengine waliendelea kuwa mbele ya tarehe zao na Bi Harusi akaendelea kulala akiwaota. Jumatano ikafika zamu ya kuwatembelea nyumbani, akaanza na fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpa amani.

Fundi alishonea chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Palikuwa na vyerehani viwili, kimoja chake na kingine cha wifi yake, mwanamke mwenye kicheko kikubwa asiyenyamaza hata akiwa na pini mdomoni. Vipande vya vitambaa vilitapakaa chini, magauni ya wateja yalining'inia ukutani, na shingoni mwa fundi zilining'inia futi mbili badala ya moja. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kishati cha njano cha mtoto mchanga, kimeshikwa kwa pini, bado mikono haijashonwa.

"Unakiona hicho?" wifi alisema. "Muujiza huo. Alikuwa ameapa hatashona hata soksi mpaka mtoto alie kwa sauti yake. Mara ile alishona sanduku zima, vyote vikaenda na…" Akakata uzi kwa meno na sentensi hakuimaliza.

Fundi akasukuma kiti kwa mgeni. "Bi Harusi, kabla hujanipima nataka kukuuliza jambo la kijinga. Futi ya kitambaa huvutika, sivyo? Ikizeeka?"

"Nadhani huvutika, dada. Kwani vipi?"

"Mimi hujipima mwenyewe." Alisema kwa aibu, kana kwamba amekiri wizi. "Tangu mimba ilipoanza kuonekana. Sista akinipima kule, nikirudi najipima hapa, na siku zote tulilingana. Siku ya zamu yako nilijipima asubuhi nikapata ishirini na nane. Ileile ya wiki tatu nyuma. Nilikuja kliniki mbio, hata chai sikunywa. Wewe ukaniambia thelathini na moja, nikasema, alhamdulillah, basi futi yangu ndiyo imevutika, ina miaka. Nikanunua mpya."

"Na?"

"Na mpya nayo ishirini na nane! Nikarudi dukani nikagombana na mwenye duka."

"Hajakwambia la blauzi," wifi akadakia. "Kwa kuchanganyikiwa huko akamwongezea mteja sentimita tatu kila mahali. Mama wa watu kavaa, tukaona anaweza kuingia yeye na dada yake, na nafasi ya mkoba ikabaki."

Wakacheka wote watatu, Bi Harusi mpaka machozi, kwa sababu hakuwa amecheka tangu afike mtaa ule. Akatoa futi ya kliniki kwenye mkoba. "Hebu tuzilaze pamoja, tuone ipi ni mwongo."

Fundi akazilaza mezani, yake na ya kliniki, ncha kwa ncha, akazinyoosha kwa kiganja kama afanyavyo kila siku. Kucha yake ikatembea mpaka ishirini na nane ya futi yake, ikasimama, ikavuka kwenda ya pili. Thelathini na moja. Akarudi mwanzo. Akaitazama ile plasta, akachukua ncha ya mkasi, akaifumua taratibu. Chini yake futi ilikuwa imekatwa, tena imekatwa vizuri, na mtu mwenye mkono uliotulia. Namba ya tatu ilikuwa imebaki nusu. Sifuri, moja na mbili hazikuwepo.

"Mdogo wangu," fundi alisema, "futi yako inaanzia tatu."

Jamani, kitu cha kwanza kilichomjia Bi Harusi kilikuwa furaha. Mtaa haukuwa na sukari! Mama wa vocha hana pacha, ishirini na saba toa tatu, ishirini na nne, kama alivyosema! Mwalimu wa chekechea na siku zake mbili, sahihi! Aliwapitia mmoja mmoja kichwani akiwatoa tatu tatu, na kila mmoja akatulia mahali pake kwenye kalenda. Wote walikuwa sawa. Wote walikuwa wakisema kweli, na namba zao mbaya zilikuwa namba nzuri.

Kisha akafika kwa yule mmoja ambaye namba yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Alipoinua macho, akaona fundi ameshafika huko kabla yake. Alikuwa amesimama, mkono mmoja chini ya tumbo, hatazami futi tena. Wifi alikuwa bado anacheka, akiwauliza kuna nini.

"Anacheza?" Bi Harusi aliuliza.

"Anacheza. Asubuhi. Siku hizi si sana."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu wiki iliyopita. Nilitaka kuja kukuambia."

"Kwa nini hukuja?"

Fundi akamtazama bila hasira yoyote, na hilo lilimuuma kuliko kofi. "Ulisema mia kwa mia."

Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda. Bi Harusi akampima kwa ile futi mpya, safari hii akatazama kwanza ilipoanzia. Ishirini na nane. Wiki ya thelathini na mbili sasa, na tumbo halikuwa limesogea tangu ya ishirini na nane. Akafunga kipimo cha presha. Presha ilikuwa juu. Akatoa kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto, kinachofanana na faneli, akakiweka tumboni na sikio juu yake. Hakusikia kitu. Mngurumo tu. Akahamisha, hakusikia kitu, jasho likamtoka mgongoni, gauni jeupe likamganda.

"Wifi," fundi akasema kwa sauti iliyonyooka, "simamisha cherehani."

Wifi alikuwa amerudi kushona bila kujua, kwa hofu. Cherehani kikanyamaza. Na humo ndani ya ukimya, mbali, upesi upesi, moyo mdogo ukagonga. Bi Harusi akatazama saa yake na kuhesabu dakika nzima, kisha akahesabu nyingine, kwa kuwa hakuiamini ya kwanza. Mia moja ishirini na nne. Mia moja ishirini na sita.

"Yupo," alisema. "Yupo, dada."

Akapiga simu zahanati akiwa amesimama mlangoni. "Sista, futi inaanzia tatu."

"Ndiyo," Sista Miwani alijibu upesi, nyuma yake mtoto analia. "Unatoa tatu. Kila mtu anajua." Kisha, polepole, "Sikukuambia?"

"Hukuniambia, Sista."

"Fundi?"

"Ishirini na nane. Presha iko juu. Mtoto yuko hai, hachezi vizuri."

"Usitoke hapo. Nakuja na gari."

Alipofika, miwani ilikuwa machoni, na Bi Harusi ndipo akatambua kwamba hajawahi kumwona nayo hapo. Ndani ya gari waliketi wanne, fundi katikati. Sista Miwani ndiye aliyeanza, akizungumza na mikono yake mwenyewe.

"Niliikata mimi. Mwanzo wake ulikuwa umefutika kwa spiriti, hausomeki. Nimeandika barua nne kuomba nyingine. Nikawa natoa tatu, natoa tatu, mpaka nikasahau kwamba natoa."

"Mimi niliulizwa kama najua," Bi Harusi alisema. "Nikasema najua. Ningeitazama mara moja tu, dada. Mara moja."

Fundi aligeukia dirishani.

Hospitalini waliomba kadi. Bi Harusi akaishika kwanza, akaipiga ile 31 mstari mmoja, ili isomeke bado, kama walivyofundishwa kusahihisha kosa. Akaandika 28 pembeni, tarehe, na sahihi yake. Ilikuwa namba mbaya kuliko zote alizowahi kuandika, na nane ilimtoka imepinda kama mdudu.

Daktari aliyempiga picha ya tumbo alisema mtoto ni mdogo kwa umri wake, kondo la nyuma halimlishi vizuri, mama alazwe na mtoto asikilizwe kila siku. "Mmefika wakati bado upo," alimwambia Bi Harusi koridoni. "Ila si mwingi." Bi Harusi aliondoka na maneno hayo akayageuza njia nzima. Ni yeye aliyeleta mtoto yule hospitali, au ni yeye aliyemchelewesha siku kumi? Sista alisema kosa ni lake mwenyewe. Wifi alimshukuru, akamshika mikono yote miwili, na shukrani ile hakujua aiweke wapi. Kwenye daftari kubwa palikuwa na ukurasa ulioandikwa juu yake "Nilichofanya," na aliutazama jioni tatu bila kuandika chochote.

Mchana alirudia kuwapima kina mama wote, mmoja mmoja, kwa futi aliyoinunua mwenyewe, na kuwaomba radhi. Mwalimu alimwambia alijua tu. Mume wa mama wa vocha, inasemekana, alikula sahani mbili siku hiyo. Kwa fundi alituma ujumbe kila asubuhi, na hakujibiwa hata mmoja.

Siku ya kumi na nane wifi akapiga simu. Moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kusuasua, wamempasua mama alfajiri. Mvulana. Kilo moja na gramu mia saba. Amelia.

Bi Harusi alikwenda siku ya tatu, akasimama mlangoni mwa wodi ya watoto njiti bila kuweza kuingia. Fundi alikuwa ameegemea mito, mtoto amelala kifuani pake ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, anapumua.

"Ingia," fundi alisema bila kugeuka. "Unamwingizia baridi."

Akaingia. "Dada, nimekuja ku…"

"Najua ulichokuja nacho. Kaa kwanza."

Akakaa. Mtoto alivalishwa kile kishati cha njano, kifua wazi, mikono imekunjwa mara tatu na bado vidole havikuonekana. Angeweza kuhamia humo na mdogo wake. Bi Harusi akasema lililokuwa mbele ya macho.

"Ni kikubwa."

"Nilikikata jioni ileile uliyoniambia thelathini na moja." Fundi akapitisha kidole chenye alama za sindano kwenye pindo, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. "Nilikata nikiimba, nakumbuka. Wifi ananiambia nikipunguze."

Mtoto akajinyoosha ndani ya kishati, akatulia. Fundi akamrekebishia kofia.

"Sipunguzi," alisema. "Atakifikia."